Usitie Sahihi kwa Sababu ya Mdomo Wangu

Otmari mwanangu,

Marahaba. Najua huko India uliko umeshaniamkia asubuhi hii, maana tangu ulipojua kusema hujawahi kuipitisha siku bila kunipa shikamoo yangu, kwa hiyo naitikia hata kama sijasikia. Soma barua hii wewe mwenyewe. Usimpe mdogo wako Benedikta akusomee. Ataanza kulia na kuruka mistari, na mimi nimeiandika mistari yote ili uipate yote.

Mwandiko wangu unaujua. Ni darasa la nne tu, lakini hebu nitafutie mwanamke mwingine wa rika langu hapa Litumbandyosi anayeandika herufi zilizosimama wima namna hii. Karatasi nimezichana kwenye daftari la jumuiya. Katibu ni mimi, nani atanihoji. Kesho Jumatatu Padre anashuka Mbinga mjini, atakwenda kwenye lile duka la kompyuta, aipige chapa na kuituma kwa mtandao kwenye ile anwani aliyotupa Benedikta. Anasema itafika kabla chai yake haijapoa. Ikienda kwa posta itakukuta Alhamisi imeshapita, na Alhamisi ndiyo siku yenyewe ya sindano.

Nakala ya pili nimeomba ibandikwe kwenye ubao wa kigango, pale yanapobandikwa majina ya wanaotaka kufunga ndoa. Kwa hiyo wote wanaosoma hapo ubaoni, someni tu, hamjachungulia. Nilisema hadharani, nafuta hadharani.

Naogopa, Otmari. Nimeliandika neno hilo mapema, kabla sijapata jingine la kulifunikia.

Jana Benedikta alipiga simu. Nilipanda kule juu kwenye uwanja wa shule, mtandao unakoshika, nikasimama mahali pangu.

Nikamwuliza, "Kaka yako anakula?"

"Kidogo, mama."

"Analala?"

Akaniuliza kama mvua imenyesha huku.

"Benedikta, nimekuuliza."

"Mama, kaka anaogopa."

"Anaogopa sindano? Yule alichomwa kwinini matako yote mawili ana miaka sita, muuguzi akalia yeye asilie."

"Si sindano, mama. Anaogopa kurudi. Amesema, nikirudi na kiti changu hiki hiki cha magurudumu, mama atauweka wapi uso wake? Daktari amemwambia anaweza kukataa hata akiwa kitandani, dakika ile ile ya mwisho, na hakuna atakayemlaumu. Unajua kamjibu nini? Kamjibu, mama ameshatangaza."

Nilikaa chini kwenye nyasi. Mwalimu mmoja alipita akaniuliza, "Mama Otmari, salama?" Nikamwambia salama tu, mwalimu, naongea na wanangu walioko India. Hata hapo, baba. Nimekaa chini namna ile, na bado nilihakikisha anasikia neno India.

Sasa sikia. Wewe ni mtoto wa kujivunia, usinilaumu peke yangu. Nilipoolewa huku milimani nikitokea Lituhi, wifi zangu walinipokea kwa maneno. "Kaka katuletea Mnyasa. Dagaa wao, usipa, atakaanga, lakini ngolo atachimba nani?" Walidhani mtu wa ziwani hawezi kuyachimba yale mashimo ya shamba la mlimani yakakaa kwa mpangilio. Nikachimba. Mwaka wa pili walikuwa wanakuja kuchungulia mistari yangu, wanajifanya wanatafuta mbuzi. Kisha nikakuzaa wewe, mnene, nywele tayari kichwani, na wifi zangu wakakosa cha kusema. Baba yako alipofariki ukiwa darasa la sita, watu wakanifungia mizigo kwa midomo yao, wakasema nitarudi ziwani. Nikawajibu, siondoki, nina mwanamume hapa nyumbani, ana miaka kumi na miwili tu, ngojeni.

Na wakaona. Soko la kahawa lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huku na malori yao kushindana na chama cha ushirika, walimtafuta kijana wa kupima asiyebishana na mizani. Wakakuchukua wewe. Nilikuwa najichelewesha makusudi tukienda kanisani, nitembee hatua kumi nyuma yako, nione watu wanavyokutazama. Hukujua hilo. Ulidhani mama ana magoti mabovu. Magoti yangu hayana neno.

Lakini nina habari ya mlango, na hiyo hujaijua mpaka leo.

Siku ile ya ajali huikumbuki vizuri. Unakumbuka mvua, unakumbuka umekaa juu ya magunia, unakumbuka lori linateleza kwenye kona ile ya mteremko chini ya shamba letu. Mengine yote nilikusimulia mimi. Nilikusimulia na uongo ndani yake.

Nilisikia kishindo nikiwa napalilia. Nilikimbia na jembe mkononi, sijui nilitaka kumpiga nani. Nikakukuta kwenye matope pembeni ya barabara, gunia limekulalia kiunoni, wanaume wanaliondoa. Macho yako yalikuwa wazi, lakini ulikuwa unakuja na kuondoka. Mzee Longino, jirani yetu, alikuwa ameshakimbia kwake, akang'oa mlango wa jiko na bawaba zake, akaja nao kichwani. Akasema, "Asinyanyuliwe ovyo. Tumweke juu ya mlango kama alivyo, tumfunge, aende amelala hivi hivi." Alisema ndivyo walivyofundishwa jeshini. Wakakuweka juu yake watu sita, taratibu, hakuna aliyepaza sauti.

Ikaja pikapu ya mnunuzi mwingine. Wakataka kuupandisha ule mlango nyuma.

Mwanangu, unajua mambo ya huku. Gari likipita na mtu nyuma, amelala juu ya mlango, kafunikwa blanketi, wanawake mashambani huweka majembe chini. Hawaulizi. Wanaanza kulia, na kilio kinalitangulia gari kutoka shamba hadi shamba mpaka mjini. Kwetu mlango ni wa kubebea maiti. Nilikuona juu ya ule mlango, nikaviona vijiji vyote vya njiani vinaweka majembe chini kwa ajili yako. Nikasema, "Mwanangu hapiti Mbinga amelala. Mtoeni hapo. Atakaa mbele kama mtu."

Mzee Longino akasema, "Mama Otmari, mgongo huo."

Nikamjibu, "Mgongo wa mwanangu unanifundisha wewe?"

Unajua nikishasema. Wakakutoa. Wakakuketisha mbele, katikati yangu na dereva, nikakufunga kwenye kiti kwa kanga yangu, kifuani, usidondoke. Ulisema, "Mama, niacheni nilale." Nikakuambia, "Jikaze, baba, tunapita mbele za watu." Ile barabara na mashimo yake unaijua. Kila shimo kichwa chako kilinidondokea begani, na mimi nikakiinua. Tulipopita sokoni nilipunga mkono.

Hospitalini daktari alikugusa miguu, akakuchoma kwa ncha ya kitu, akakuuliza kama unasikia. Kisha akageuka. "Nani alimketisha mgonjwa huyu?" Mzee Longino alikuwa kasimama hapo pembeni, kalowa chapachapa, maana alipanda nyuma ya pikapu na mvua yote ikamwishia yeye. Nikasema, "Ni wanaume waliomwokota, daktari. Hawakujua." Longino alinitazama, kisha akatazama viatu vyake. Hakusema neno siku ile, wala miaka saba iliyofuata.

Baadaye nilimrudia yule daktari peke yangu, nikamwuliza kama ni kule kuketishwa. Alisema hakuna awezaye kujua. Pengine gunia lilikuwa limeshamaliza kila kitu pale pale. Pengine kulikuwa na kitu kidogo kilichobaki kizima. Akaniambia niende nikapumzike. Hiyo "pengine" ndiyo nimeishi nayo, nikiifunika kwa kelele, na wewe umekuwa ukimwamkia Mzee Longino kama mtu anayetema kokwa. Yeye huitikia vile vile kila mara, "Marahaba, mwanangu." Hujawahi kujiuliza kwa nini hakasiriki.

Ni mimi, Otmari. Wao walikulaza. Mimi ndiye niliyekuketisha.

Pumzika kidogo kama unataka. Mimi nimepumzika hapa, nimekwenda kuwatazama kuku, nikarudi.

Nataka nikukumbushe na la pili, maana si yote ni ya kuumiza. Mwaka wa pili wa kiti chako nilikushusha Lituhi kwa mjomba wako, daktari aliposema hewa ya ziwani itakufaa kifua. Ulikuwa husemi na mtu. Samaki mbasa alichomwa, ukamgeuza geuza kwenye sahani kama mkaguzi. Siku ya tatu mjomba wako akasema, "Dada, huyu ana joto la moyo, tumtie majini." Wakakubeba na kiti chako mpaka kwenye mchanga mgumu, wakakuingiza, na mimi nikakushika kichwa, pale pale nilipokufundisha kuogelea ukiwa na miaka mitano. Ukasema, "Niachie, mama." Nikasema siachii. Ukasema tena, "Mama, niachie." Nikaachia.

Ukaelea. Miguu yako ikapanda juu yenyewe, kama ya mtu yeyote. Ukanyoosha mikono, ukacheka, nami nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu mvua ile. "Mama, tazama," ukasema, "majini hakuna anayesimama." Mjomba wako akakujibu, "Isipokuwa mama yako, yeye hata mbinguni atasimama mbele." Nililia, nikakwambia ni maji ya ziwa.

Ningekuwa mwanamke mwingine, ningetosheka na siku ile. Uliporudi Mbinga ulikuwa mtu. Ukajifunza kutengeneza simu, wakati kila mtu alikuwa anainunua moja na kuiangusha chooni, ukafungua kibanda chako karibu na stendi, meza imekatwa ili magurudumu yaingie chini. Wanakuja mpaka wa kutoka Liuli na simu zao zimefungwa kwenye vitambaa kama dawa. Mikono yako inashika skrubu ambazo mimi hata na miwani sizioni. Niliwaambia watu, Otmari wangu amefufua simu iliyokaa siku mbili ndani ya ndoo ya maji. Ilikuwa nusu saa, najua. Lakini moyoni, kila niliposhuka kukuona, nilikuwa naangalia miguu kwanza. Nadhani uliniona nikiiangalia. Unisamehe kwa hilo hata kabla ya mengine.

Kisha ikaja ile barua ya hospitali ya kutuita Dar es Salaam. Daktari wa huko, Mtanzania mwenzetu, alituita mimi nawe na Benedikta kwenye chumba chenye feni, pamoja na mgeni wake wa kutoka India. Yule mwenzetu ndiye alieleza, taratibu, kwa Kiswahili cha mtu aliyelelewa vizuri. Akasema ndani ya uti wa mgongo kuna neva zinazopeleka miguuni amri za ubongo. Mfupa ukivunjika huunga, lakini neva za mahali pale zikikatika haziungi. Kwa hiyo watachukua uboho kwenye nyonga yako mwenyewe, watatenga humo zile seli changa wanazoziita seli shina, watazikuza maabara kwa majuma kadhaa, halafu watazirudisha kwa sindano karibu na pale palipopondeka, waone kama zitasaidia.

Nilimwuliza, "Daktari, zitaota?"

Akasema, "Hatujui, mama. Ndiyo maana tunasema huu ni utafiti. Haujawa tiba. Wengine wamepata hisia kidogo mahali palipokuwa na ganzi. Wengine hawakupata kitu. Wengine wamepata maumivu mapya, au uvimbe, au ganzi ikapanda juu zaidi. Hatumwahidi Otmari kutembea. Nataka hilo tulielewe wote."

Nikasema ndiyo, daktari. Nilisema ndiyo mara nne. Wewe ulikuwa unamtazama yeye, Benedikta alikuwa anaandika, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naangalia mlango wa kanisa letu. Nilikuwa nakuona unaingia.

Mimi ambaye kila mwaka naotesha miche ya kahawa kitaluni, ninayejua ni mbegu ngapi hukataa na udongo ule ule na maji yale yale, nilimsikia mtu msomi akisema hatujui, nikajisemea, huyu ni mnyenyekevu tu. Basi lilipotushusha Mbinga sijaweka hata kikapu chini nilikuwa nimeshamwambia mama wa maandazi kwamba mwanangu anakwenda India kupandikizwa mgongo. Jumapili, kwenye matangazo, nikainuka bila kuitwa. Hukuwapo, ulikuwa kibandani kwako, lakini maneno yalikufikia, najua. Nilisema, "Otmari atarudi anatembea. Ataingia kwa mlango mkubwa na ataibeba sadaka yake mpaka altareni kwa miguu yake." Wakapiga vigelegele. Nami nikakaa kama malkia.

Mama Gaudensia, mke wa Mzee Longino, alinifuata nje. Unamjua ulimi wake. "Mama Otmari, mwanao akifika altareni kwa miguu, jogoo wangu yule mwekundu nitamleta mwenyewe nimemfunga utepe." Nikamwambia, "Anza kumnenepesha." Nilidhani ni wivu. Sikutaka kukumbuka mume wake anabeba nini kwa ajili yangu.

Ndivyo nilivyokufunga mara ya pili. Safari ya kwanza nilikufunga kwa kanga, safari hii kwa maneno, na ni kwa sababu moja: watu wa njiani watasema nini. Benedikta aliponiambia jana umesema mama ameshatangaza, nilisikia sauti yako ya siku ile, niacheni nilale, na ya kwangu ikikujibu.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda kanisani mapema, nikamwambia katekista nataka nafasi kwenye matangazo. Akasema, "Mama Otmari, una habari njema kutoka India?" Nikasema, "Nina habari." Nimesimama. Magoti ambayo hayana neno leo yalikuwa nalo. Nimewaambia daktari hakusema utatembea, nilisema mimi. Nimewaambia unaweza kurudi kama ulivyoondoka, na unaweza kurudi umepungua, na mwenye kuongeza chumvi humo ni mimi. Kisha nimewaambia habari ya mlango. Yote. Nani aliyeuleta, nani aliyesema mgongo huo, nani aliyesema mtoeni, na nilichomjibu daktari hospitalini wakati Mzee Longino amesimama pale kalowa.

Njiwa walikuwa wanakwaruza juu ya bati.

Mzee Longino akainuka. Akasema, "Mama Otmari, mlango ule niliurudisha jikoni jioni ile ile. Unafunguka, unafungika. Kaa chini, dada yangu."

Mama Gaudensia akadakia kutoka upande wa wanawake, "Asikae. Miaka saba naijua siri hii, nimeutafuna mfupa huu peke yangu. Aseme tena, huku nyuma hatukusikia vizuri."

Watu wakacheka, katekista akakohoa. Nami nikasema tena, Otmari, kuanzia mwanzo, kwa sauti ya kufika nyuma. Sijawahi kusema kitu kirefu hivyo ambacho hakina sifa yangu hata moja.

Nje nilimtafuta Mzee Longino nikamshika miguu. Akaniinua, ana nguvu bado. Alisema tu, "Mtoto ajue, basi." Umejua sasa.

Mama Gaudensia aliniacha nimalize kulia, kisha akasema, "Na kiti cha huyo kijana kitapita wapi pale kwako? Njia yako ni ya mbuzi. Miaka saba mnambeba mgongoni kama gunia kila akija kukusalimu, hujaona?" Nilikuwa sijaona. Au nilikuwa naona ni mambo ya muda, kwa kuwa siku moja utatembea, kwa nini nichimbe njia ya magurudumu. Mchana huu wamekuja watu tisa na majembe, yeye mbele. Wanakata njia kutoka barabarani, inazunguka kilima polepole isiwe kali, inapita katikati ya ngolo zangu. Safu tatu zimefukiwa, zile nzuri za upande wa chini. Ninapoandika nawasikia wanabishana kuhusu mteremko. Mama Gaudensia anasema mwinuko ule bado mkali, Mzee Longino anasema yeye amewahi kusukuma mzinga jeshini na anajua. Wanagombana kama vijana.

Sasa ngoja nikuambie la Alhamisi, na unisikilize polepole, kwa sababu nikisema haraka nitaharibu.

Sikuambii ukatae. Ungekuwa ni uhodari wangu mwingine huo, kukuketisha na kukulaza nipendavyo. Uboho ni wako, nyonga ni yako, na kama wewe, Otmari, ndani yako mwenyewe, unataka kujaribu, hata kama ni kwa ajili ya hisia ya kidole kimoja, au kwa ajili ya wengine watakaokuja baadaye na migongo yao, basi jaribu, nami nitapiga magoti hapa tangu alfajiri na nitaogopa kwa utaratibu. Lakini usitie sahihi kwa sababu ya mdomo wangu. Usichomwe sindano ili mimi nipate pa kuuweka uso. Uso wangu leo umekaa mbele ya kanisa zima bila kitu cha kuufunika, na bado upo, umenyweshwa hata chai.

Mwulize daktari kuhusu mikono. Nilimsikia yule wa Dar es Salaam aliposema ganzi inaweza kupanda, nililisikia vizuri, nikalipitisha sikio la pili. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Mwulize inaweza kupanda mpaka wapi, na mara ngapi imetokea, na akikujibu hatujui, usifanye kama mama yako. Amini kwamba hajui. Mwulize na Benedikta awepo, aandike. Kama hujalala vizuri, mwambie hujalala vizuri, asikuchome mtu aliyechoka. Mbele yake usijikaze. Ukitaka kulala, lala.

Ukirudi unatembea, nitafurahi, siwezi kukudanganya kwamba sitafurahi. Nitakuwa mtu asiyevumilika wilaya nzima. Ukirudi na kiti, utapita kwenye njia mpya mpaka mlangoni, nitakuwa nimepika. Ukirudi umepungua, nitakulisha kwa mkono wangu, na atakayeweka jembe chini kukutazama nitamwambia aliokote aendelee kulima. Nimeyaandika yote matatu. La tatu kalamu ilikataa, nikailazimisha.

Mwanangu, ninachoogopa si watu tena. Hofu ya watu nimeimaliza leo asubuhi. Nimebaki na hofu yako wewe tu, nayo ni kubwa, ipo kifuani hapa kama jiwe la kusagia. Unalala kwenye kitanda ambacho sijawahi kukitandika, katika nchi ambayo sijui hata jua lake linatokea upande gani, na watu wanaotaka kukusaidia wenyewe wanasema hawajui. Sina cha kukushikia kichwa kutoka huku.

Jumatano jioni nitapanda kule uwanjani, nitakaa mahali pangu na simu mkononi. Ukiwa umeamua, nipigie. Usinieleze sababu. Nitapokea, nitasema haloo, nitaitikia shikamoo yako, halafu nitanyamaza mpaka utakapomaliza. Unanijua, miaka yote thelathini na mmoja hujawahi kunisikia nikinyamaza kwenye simu. Utadhani mtandao umekatika. Haujakatika. Nitakuwepo, nakusikiliza.

Mungu akulinde kitandani hapo na akulindie mikono,

Ni mimi, mama yako mzazi